Niliiandikia Ndege Uzima wa Mwezi Mzima

Kosa ni langu. Naanza hivyo kwa sababu nikianza kwingine nitajitetea, najijua.

Mwanzoni mwa miaka hii ya themanini nilikuwa karani katika shamba la pamba huko nyuma ya Malindi. Shule niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu ni mzuri, hilo hata adui yangu atalikubali. Ndiyo maana nikakabidhiwa kitabu cha ndege ya kunyunyizia dawa. Kila asubuhi mzee Charo, fundi wetu, aliikagua, akanieleza alichokiona, nami nikaandika. Rubani hakuruka kabla ya kukisoma.

Charo kila siku neno lake moja: nzima. Nzima, nzima, nzima! Basi siku moja ya mvua, sina kazi, nikajaza mapema mwezi mzima uliokuwa mbele. Tarehe, saa, "nzima". Kurasa zilipendeza mno.

Siku ya tisa Charo akaja, mikono imejaa grisi.

"Karani, mpira wa petroli umeanza kupasuka. Isiruke leo. Andika." Akaenda zake stoo kutafuta mwingine.

Nikafungua kitabu. Pameshaandikwa. Ningeweza kukata ule mstari, kwa haki kabisa ningeweza, kalamu ninayo mkononi. Lakini ukurasa ulivyokuwa safi! Nikajiambia nitamweleza rubani kwa mdomo, nikimaliza chai.

Rubani akasoma "nzima", akaruka.

Alitua juu ya mkorosho. Alivunjika mguu tu, namshukuru Mungu, na yeye hakukosea lolote. Ndege ikabaki mtini kichwa chini, ikidondoshea dawa baiskeli ya meneja.

Mkaguzi alipofika kutoka Nairobi, ilikuwa bado iko juu. Akasoma kitabu, akaitazama ndege, akarudi kitabuni.

"Hapa pameandikwa kwamba Jumamosi ijayo ndege hii ni nzima."

Nikasema Charo ndiye aliyeniagiza niandike hivyo.

Ee, nilisema! Charo hajui kusoma. Akafukuzwa siku ileile. Mimi nikabaki kazini, na mkaguzi akausifu mwandiko.

Mwezi uliopita baiskeli yangu ilinisumbua, nikaelekezwa kwa fundi mmoja wa baiskeli mjini Malindi. Kumbe ni yeye. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akaikagua polepole, gurudumu moja baada ya jingine.

"Breki ya nyuma imekwisha," akasema. "Lakini mimi sikusoma, karani. Tazama kwanza kitabuni."

Aliitengeneza, tena vizuri, lazima niseme. Hata hivyo sikuweza kuipanda. Niliisukuma mpaka nyumbani.

Leo nimempelekea meneja barua ya kumsafisha Charo. Ina maneno manne niliyoyakata na doa la wino. Sijui kama itamsaidia, nimechelewa mno.

Nawe uliyeshika kitabu cha kazi popote pale, usiiandike siku ambayo haijafika. Na kama umeshaiandika, nakusihi, chafua ukurasa.