Nilivyozunguka Singida Nikitafuta Shule Yenye Mandhari

Nimechoka kuulizwa na majirani hapa Nakuru, kwa hiyo nianze na ukweli: nilikwenda Singida kwa sababu ya picha. Nilifundisha Kiingereza zaidi ya miaka thelathini, nikastaafu, na baada ya miezi sita ya kusikiliza muziki wa kinyozi wa ng'ambo ya barabara nikaona nitarukwa na akili. Jumuiya moja ya walimu wastaafu ilikuwa ikitafuta watu wa kujitolea kufundisha nchi jirani kwa mwaka mmoja. Wakanitumia majina ya shule tatu za mkoa wa Singida, pamoja na picha ya mawe makubwa, ziwa, na nyumba ya udongo yenye paa bapa. Nikasema, hapo ndipo. Kimji kidogo cha kiasili, pazuri kwa macho, pasipo kinyozi.

Masharti yalikuwa mepesi. Nitembelee shule zote tatu, kisha Ijumaa, kabla ya saa sita mchana, nimjulishe mratibu wetu aliyeko Nairobi nimechagua ipi. Mbili zitakazobaki zitangoja mwaka mwingine, kwa kuwa mtu wa kujitolea alikuwa mmoja tu, nami ndiye. Binti yangu aliposikia akaniuliza, "Mama, unaenda kufundisha ama kupiga picha?" Nikamjibu kwamba mtu mzima anaweza kufanya yote mawili.

Jumamosi alfajiri niliondoka. Siku ya kwanza ilinifikisha Arusha, nimekaa vizuri na sina malalamiko, jambo ambalo halikudumu. Jumapili basi lilisimama Babati tupate chai. Nikamwambia mwenye kibanda, kama ninavyosema kila siku ya maisha yangu, "Nipe chai."

Yule mama akanitazama kwa upole. "Karibu. Chai unaiomba au unaidai?"

Abiria wakacheka. Nikaiomba. Katika nchi ile kila kitu kinaombwa, hata kile ambacho ni chako, na mtu wa haraka kama mimi anajikuta amesema "naomba" mara kumi kabla ya saa nne asubuhi. Tulipita Katesh, mlima Hanang umejifunika mawingu, nikapiga picha ya mawingu. Jioni nikaingia Singida mjini katika upepo uliotaka kuninyang'anya kitambaa cha kichwa.

Jumatatu nilianzia Mwankoko, pembeni mwa mji, ambako nilikuwa nimepangiwa nyumba ya kufikia. Mwenyeji wangu, Mama Saida, ni mjane Mnyaturu wa makamo anayekamua alizeti na kuuza mafuta, na ana ulimi wa utani usiochoka. Ziwa si mbali na kwake, na mawe yapo kweli. Lakini karibu kila nyumba ina bati linalong'aa na dishi la televisheni. Niliona tembe moja tu, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa niliyoifuata kutoka Nakuru. Nilipoinua simu nipige picha, mwenye nyumba akaja mbio na kunishika mkono.

"Hiyo achana nayo, mama, ni ya kuku. Piga hii yenye bati."

Nikapiga yenye bati. Kwenye shule ya huko mwalimu aliyenipokea aliniambia wazi kwamba mwezi uliopita wamepata mwalimu mpya wa Kiingereza, msichana mzuri anayejua kazi yake. Huyo ndiye mtu pekee aliyenijibu kama Mkenya. Nilimshukuru, nikafuta jina la kwanza. Jioni nikazungumza na mama mzazi wa Mama Saida kwa dakika nzima kabla ya kukumbuka kumwamkia. Bibi yule alikuwa amekaa kimya tu, anangoja shikamoo yake. Na mimi nina miaka sitini.

Jumanne nilikodi teksi mpaka Issuna, kusini, kwenye barabara ya kwenda Manyoni. Nitasema bila kuzunguka: hapakunivutia. Palikuwa na lami, vibanda vya soko, vitunguu kwenye magunia, mbuzi, vumbi, na tambarare inayoendelea mpaka jicho lichoke. Shule yenyewe iko pembeni ya kijiji. Jina lake naliacha. Mkuu wa shule, Mwalimu Hango, mwembamba, mwenye chaki mpaka kwenye mkono wa koti, alinikalisha ofisini, akanifungulia kitabu cha wageni, na kuanza kuniuliza habari. Za safari. Za nyumbani. Za watoto. Za Kenya. Za mvua ya Kenya.

Alipofika kwenye mvua nikamkatiza. "Mwalimu, samahani, nina ratiba. Walimu mnao wa kutosha?"

"Tunamshukuru Mungu. Tunaendelea vizuri."

"Hata wa Kiingereza?"

"Tunaendelea, mama. Karibu chakula kwanza, hakitachelewa."

Nilisikia kuku akikimbizwa nyuma ya nyumba za walimu. Nikasema asante, sina muda. Akanikaribisha mara ya pili, na mara ya tatu, nami mara ya tatu nilikuwa nimeshasimama na mkoba begani. Ndani ya gari nikaandika katika daftari langu: Issuna, hakuna shida, hakuna mandhari. Nikapiga mstari. Nilijisifu hata kwa dereva kwamba nimemaliza shule nzima kwa dakika ishirini na tano.

Jumatano ilikuwa zamu ya Kinampanda, upande wa Iramba. Ukiiacha barabara kuu pale Misigiri kuelekea Kiomboi, nchi inaanza kupanda na hewa inapoa, na hapo nikanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nyumbani. Vilima vimekaa nyuma ya vilima. Mashamba ya alizeti yalikuwa yamechanua, na kwenye mabonde palikuwa na moshi wa jikoni na kengele za ng'ombe. Mkuu wa shule, Madam Kiula, mama mnene mtaratibu wa umri wangu, alinipa chumba nyumbani kwake. Dirisha la chumba hicho lilitazama yote hayo. Nikamuuliza kama wana nafasi yangu, akasema, "Karibu sana, mama, hapa ni kwako." Sikungoja Ijumaa. Jioni ile ile nilipanda juu ya jiwe penye mtandao na kumtumia mratibu ujumbe: nimechagua Kinampanda. Nilifurahi. Naomba mkumbuke kwamba nilifurahi, maana ni mara ya mwisho.

Alhamisi mchana Madam Kiula aliandaa chakula cha kunikaribisha rasmi: ugali wa uwele, mboga ya mlenda, na kuku wa kienyeji aliyepikwa taratibu mpaka nyama inaachia mfupa. Tulisali, tukanawa, tukala bila kuzungumza kazi. Tulipokwisha kunawa mara ya pili, akajiegemeza kwenye kiti na kushusha pumzi.

"Basi, mama, hapa tunaendelea vizuri," akasema. "Ila hatuna mtu wa fizikia. Mwaka wa pili sasa, watoto wanakariri tu."

"Na wa Kiingereza?"

"Kiingereza tuko wawili. Mimi, na kijana mmoja hodari kuliko mimi."

Nilidhani ananitania. "Sasa mbona ulikubali nije?"

"Mgeni anakataliwaje? Ningekugawia vipindi vyangu."

Nilitaka kulia, na nilitaka pia kumtikisa mabega, mama wa watu aliyenichinjia kuku. Angenyang'anywa kazi yake mwaka mzima na asingesema neno. Nikamweleza kwa hasira kwamba mtu akiulizwa swali hujibu swali, kwamba huko Issuna nako waliniambia wanaendelea vizuri nami nikawafuta.

Madam Kiula akainua uso. "Walikwambia hivyo kabla hujala, au baada?"

"Sikula kwao. Nilikuwa na ratiba."

Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyerudisha karatasi tupu. "Mama, hakuna anayemmwagia mgeni shida zake wakati huyo mgeni hana hata tonge tumboni. Ukiuliza umesimama, utajibiwa umesimama. Kula kwanza, ukae, ndipo watu waseme. Wale hawakukuambia kitu."

"Huo ni utaratibu wa ovyo," nikasema.

"Inawezekana. Ndio tulio nao."

Alhamisi jioni nilirudi Mwankoko nimevimba. Nilimsimulia Mama Saida, nikitumaini atakuwa upande wangu. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. "Mwalimu mzima, unamaliza shule ya watu kwa dakika ishirini na tano. Hata daktari anamkalisha mgonjwa." Nikamkumbusha kwamba Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, sasa mwenyeji atapona vipi kama hataki kusema anaumwa? Akasema nile nilale, kesho niende nikaulize vizuri.

Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa tena Issuna. Nilikuwa nimempigia mratibu njiani. Aliniambia jina linaweza kubadilishwa mpaka saa sita, baada ya hapo barua zinatoka na mlango unafungwa. Nilikuwa na saa mbili, basi, za kujua kama watoto wa pale wana mwalimu au hawana. Mwalimu Hango alinipokea bila mshangao wowote, akafungua kitabu cha wageni na kuanza: habari za tangu Jumanne, za Iramba, za huko milimani.

"Mwalimu," nikasema, "niambie ukweli. Una mtu wa Kiingereza au huna?"

"Tutaongea, mama. Kwanza karibu chakula."

Kuku alikuwa bado anatembea. Nilimwona kwa macho yangu dirishani, jogoo mwekundu, anachakura bila wasiwasi. Nikatazama saa. Nikaomba, kwa adabu zangu zote mpya, kama ugali mkavu tu usingetosha. Mke wa mwalimu akaniambia kwamba Jumanne nilimwachia kuku mzima sufuriani na leo hanisikilizi. Akakamatwa jogoo. Saa nne na nusu. Akanyonyolewa. Saa tano. Sijawahi kuona moto wa kuni unaowaka polepole namna ile. Nilijibu habari za mvua ya Kenya yote, masika na vuli, mpaka za kwetu shambani ambako sijafika siku nyingi. Saa tano na nusu maji ya kunawa yakaletwa, nikanawa, nikala. Na nisiwe mwongo, kuku yule alikuwa mtamu, na hilo nalo liliniudhi.

Zilibaki dakika kumi na tano wakati Mwalimu Hango aliponawa mara ya pili na kujipangusa vidole kimoja kimoja.

"Tunaendelea vizuri," akasema. "Ila."

Nikanyamaza. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote niliyofanya safari ile.

"Ila kidato cha nne hawana mwalimu wa Kiingereza tangu walipokuwa kidato cha pili. Ninawaingilia mimi. Mimi ni mtu wa kemia. Nawasomea kitabu, na ninajua nasoma vibaya, maana wenyewe wananyamaza kwa heshima. Mtihani ni mwaka huu." Akakunja taulo. "Najua hapa si pazuri, mama. Iramba ni pazuri."

"Kwa nini hukuniambia Jumanne?"

"Jumanne ulikuwa mgeni."

"Na leo?"

"Leo umerudi."

Nilitoka nje kupiga simu. Mtandao ulikataa, ukakubali, ukakata. Mratibu alipopokea mara ya tatu nikamwambia andika Issuna. Akauliza kama nina hakika, kwa kuwa Jumatano niliandika sentensi nne nzima kuhusu vilima. Nikamwambia aandike kabla sijabadilisha mawazo, kisha nikakaa kwenye jiwe la kufulia na kuhuzunika. Nilitaka dirisha lile la Kinampanda. Bado nalitaka.

Nimerudi Nakuru kufunga mizigo na kuaga. Njia nzima nilijigombeza, ila nimejifunza jambo moja nalo nawaachia. Mkienda kwa watu kuchagua pa kuishi au pa kufundisha, msiende na orodha ya maswali na saa mkononi. Nendeni na njaa. Kaeni. Mambo mtakayoambiwa mlangoni ni adabu tu. Wanayoyahitaji yako mwisho wa chakula. Na mandhari haijawahi kumsaidia mtoto kujibu karatasi ya mtihani.

Kabla sijaondoka Issuna, Ijumaa ile, Mwalimu Hango alinipeleka kidato cha nne. Walisimama wote kwa pamoja, arobaini na kitu, mashati yamepigwa pasi, wakaniamkia. Nikajitambulisha, nikawaambia ndimi mwalimu wao wa Kiingereza kuanzia mwezi ujao, kisha nikawauliza wanaendeleaje na somo.

"Tunaendelea vizuri, madam," wakajibu kwa sauti moja.

Nikavuta kiti, nikakaa, nikangoja.