Neno Lisilotumwa

Mafundi wenzake walimwita Mikono Mitatu, na mgeni aliyelisikia jina hilo alipapasa mifuko yake kwanza. Lakini hakuwa mwizi. Katika kazi ya rangi, kila mpako huitwa mkono, na yeye hakukubali chuma kitoke mbele yake bila mikono mitatu: wa msingi wa kuzuia kutu, wa kati, na wa juu wa kung'aa. Mteja akitaka miwili ili mambo yaende haraka, alikunja vitambaa vyake akaenda zake.

Ukaidi huo aliupata kwa aibu. Alipokuwa kijana alikwangua geti la watu hadi likawa jeupe, giza likamkuta, akaliacha bila rangi. Asubuhi lilikuwa na wekundu mwembamba wa kutu, kama poda. Akapaka juu yake, akijiambia hakuna atakayeona. Mwaka haukuisha, rangi ikafura malengelenge, na mwenye geti akamwita mwongo mbele ya majirani. Tangu siku hiyo, miaka thelathini na mmoja, hakukilaza chuma uchi.

Mkewe ndiye aliyejua uzito wa jambo hilo. Ni mara ngapi chakula kilipoa kikimngoja? "Ningekuwa dirisha la chuma," alizoea kusema, "ningepata mume wa kunitazama." Wakacheka wote wawili, maana alikuwa mwanamke wa maneno. Hata siku aliyolazwa hospitali, amekonda, mashavu yamebonyea, alimwambia muuguzi, "Huyu msimkaribishe kwenye vitanda vyenu, ataanza kuvikwangua."

Wiki ya tatu ya ugonjwa huo, Mikono Mitatu alikuwa akipaka tangi la maji la shule pamoja na shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi rangi kama yeye. Tangu asubuhi walikwangua upande mmoja kwa brashi za waya. Mchana wakaufuta vumbi kwa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, chuma kikabaki kitupu. Mawingu yalikuwa yakijikusanya. Rangi ya msingi ilikwisha kuchanganywa na dawa yake ya kugandisha, na ikishachanganywa haina subira. Saa chache tu inakuwa jiwe ndani ya kopo.

Hapo simu ya shemeji ikalia. Alikuwa binti wa Mikono Mitatu, aliyekuwa akimwuguza mama yake. Alimpigia mjomba kwa kuwa baba yake hakupanda ngazi na simu.

"Mjomba, mwambie baba aje sasa hivi. Mama ana neno anataka kumwambia. Yeye tu."

Shemeji akasogea chini ya ngazi. "Shemeji, weka brashi. Dada anakuita."

"Nimalize mkono huu kwanza."

"Mkono gani? Mtu anakuita!"

"Huoni mawingu? Mvua ikikinyeshea chuma hivi kilivyo, kazi ya leo yote imekwenda na maji."

"Basi nenda wewe, nimalizie mimi."

"Wewe? Wewe unapaka kama mtu anayefukuza nzi."

Ulikuwa utani wao wa siku zote, lakini shemeji hakucheka. Alisugua mikono yake kwa thina, akaondoka peke yake.

Mikono Mitatu akaendelea kupaka. Alijua fika kwamba shemeji angeweza. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Alichokuwa akikikimbia ni kile chumba cha wagonjwa. Juzi alikaa kando ya kitanda muda mrefu bila neno, akiutazama mkono wa mkewe uliobaki mifupa, asijue aushike wapi. Hapa alijua. Hapa kulikuwa na kitu kinachoharibika, na dawa yake ilikuwa ndani ya kopo.

Alimaliza kabla tone moja halijaanguka. Rangi ilikaa sawasawa, bila mchirizi hata mmoja, na kwa dakika chache moyo wake ulitulia.

Alipofika hospitali, alimkuta binti yake ameketi kwenye benchi nje ya wodi. Shemeji alikuwa amesimama akiangalia ukuta. Hakuna aliyehitaji kumwambia.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Sasa hivi tu, baba. Hata nusu saa haijapita."

"Alisema nini?"

"Alikuulizia mara mbili. Mjomba akamwambia uko njiani." Binti akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nikamwomba aniachie mimi ujumbe. Akakataa. Akasema, 'Hili si la kutumana.'"

Mikono Mitatu akamgeukia shemeji. "Na wewe hakukwambia?"

"Mimi si wewe," alijibu shemeji, bado akitazama ukuta.

Mazishi yakapita. Tangi likapata mkono wa pili na wa tatu, mwalimu mkuu akalisifu, na Mikono Mitatu akaitikia kama mtu anayepewa pole. Ndugu na majirani walimletea makisio yao juu ya neno lile. Shangazi alidhani ni wosia. Jirani alidhani marehemu alitaka kuaga tu.

"Mimi nadhani alitaka kukutania, baba," binti yake alimwambia siku moja. "Si unamjua mama."

Hilo ndilo linalomwuma kuliko yote, kwa kuwa analiamini. Akiwa peke yake hujaribu kuutunga utani huo, kwa sauti ya mkewe na ulimi wake mkali. Kila anaoutunga ni wake mwenyewe, wala hauchekeshi.