Ndugu Wawili wa Njia Panda

Baba yangu alifundisha hesabu sekondari mpaka akastaafu, na nyumbani alitulea kwa mafumbo. Jumapili baada ya ibada tulikaa naye kwenye miamba nyuma ya nyumba yetu huku Ilemela, nguo zikikauka juu ya mawe ya moto, naye akitutegea. Alilolipenda kuliko yote lilikuwa la njia panda. Umepotea. Mbele yako kuna njia mbili, moja inakwenda nyumbani na nyingine inakwenda kwa simba. Hapo wamesimama ndugu wawili wanaofanana. Mmoja husema kweli daima, mwingine husema uongo daima, nawe hujui yupi ni yupi. Umeruhusiwa swali moja tu, kwa mmoja wao. Utauliza nini?

Mimi nilikata tamaa siku hiyo hiyo. Kaka yangu alitembea na fumbo lile kama mtu mwenye mwiba mguuni, mpaka asubuhi moja, akipiga mswaki uani, akatema povu na kusema, "Baba, namuuliza yeyote kati yao: ndugu yako angenionyesha njia ipi? Halafu napita ile nyingine."

Alikuwa amepata. Msema kweli atakueleza uongo wa mwenzake kama ulivyo, na mwongo ataigeuza kweli ya mwenzake. Wote wawili watakuelekeza kwa simba. Baba alimpa mkono kama anavyompa mtu mzima.

Kaka alipokua hakuyataka mambo ya darasani. Alikwenda kufanya kazi kwenye boti ya mbao iliyobeba dagaa kutoka visiwani kuja Mwanza. Walikuwa watatu chomboni, na wale wawili wenzake tuliwajua vizuri. Mmoja alikuwa mwanakwaya, mtu wa sauti nzito na maneno machache, ambaye majirani wakisafiri walimwachia funguo za nyumba. Mwingine alikuwa mwongo. Sisemi kwa ubaya, yeye mwenyewe alijiita hivyo na kucheka. Aliwahi kutuapia kwamba mamba alimeza redio yake, na kwamba kwa wiki nzima alisikia taarifa ya habari ikitoka majini.

Mwaka ule wa upepo mbaya boti ilirudi bila kaka.

Mwanakwaya ndiye aliyefika kwetu kwanza. Alisema kaka alishuka kisiwani kwa hiari yake, amechoka na kazi ile, na kwamba alipanda chombo kingine kwenda upande wa Uganda kutafuta maisha. Mama alilia, lakini kilikuwa kilio cha hasira. Kesho yake mchana akaja mwongo, nguo zimemkaukia mwilini, macho mekundu. Alisimama mlangoni akakataa kiti.

"Mwalimu, mtoto wako amezama," alimwambia baba. "Wimbi lilimchukua. Nimebaki huko kumtafuta mpaka nimechoka. Sijampata."

Baba aliwaita mmoja mmoja sebuleni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pembeni ya mama, nikasikia alichowauliza. Kwa mwongo alisema, "Nikimuuliza mwenzako mwanangu yuko wapi, atanijibu nini?" Mwongo akajibu, "Atasema alishuka kisiwani." Kwa mwanakwaya aliuliza vile vile. "Atasema alizama," mwanakwaya akajibu, akiangalia miguu yake.

Kwenye fumbo wale ndugu wawili huonyesha njia moja. Hawa walikuwa wameonyesha njia mbili tofauti, na swali zuri kuliko yote aliyotufundisha halikumpa kitu. Basi akafanya ambalo mtu yeyote wa mtaa wetu angefanya. Akamwamini mwenye kuaminika. Mwongo alipojaribu kuongea tena, baba alinyanyuka akamwonyesha mlango. "Mizaha yako usiilete kwenye nyumba hii," alisema. Tukasikia baadaye amehamia Kisesa.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuishi na mtu ambaye hayupo na hajafa. Wanaume wa mtaani waliokwenda kuulizia huko visiwani walirudi na maneno mengi yasiyo na kichwa wala miguu. Mama aliendelea kumtengea kaka chakula, akakifunika, na asubuhi akawapa kuku. Nikishuka kwenye gari kutoka kazini kiwandani Nyakato, mara nyingi nilimwona mbele yangu, mabega yake, ule mwendo wa kuburuta kandambili, nikaongeza hatua, na mtu akageuka na uso mwingine. Sikuwa peke yangu. Siku moja baba alirudi kutoka soko la samaki bila samaki. Alisema amemfuata kijana fulani mpaka kijana yule akaogopa.

Kila jioni mama alipiga namba ya kaka. Kila jioni sauti ile ya kike ya kurekodiwa ilimwambia haipatikani. Alikuwa anaisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza salamu.

Halafu jioni moja alipopiga, simu ikaita.

Tulikuwa tunachambua mchele. Mama aliachia ungo, mchele ukamwagika wote. Aliyepokea alikuwa mwanamke, msichana kwa sauti yake, yupo huko Mara. Mama aliweka sauti kubwa ili wote tusikie.

"Wewe ni nani kwake?" mama akamuuliza.

"Kwa nani, mama? Hii namba nimesajiliwa juzi juzi. Itakuwa ilikuwa ya mtu zamani."

Mama alikata simu akatabasamu. Sikuwa nimeuona uso ule tangu boti irudi. "Ameoa," alisema. "Amemfundisha kujibu hivyo ili tusimfuate."

Kuanzia hapo alimpigia yule msichana mara kwa mara, akamwita mkwe, akamuuliza kama amekula, kama watoto wamepatikana. Msichana alichoka kubisha, akawa anaitikia tu, kwa huruma nadhani. Mama akaanza kushona vitambaa vya mtoto mchanga. Baba alitoka nje kila alipoviona. Mama alipotangaza kwamba anakwenda kumwona mjukuu wake, nilijua siwezi kukaa kimya tena.

Nilimkuta mwanakwaya kwenye uwanja wa kanisa, akipanga viti baada ya mazoezi. Nilimsalimia, nikamweleza habari za simu, za mkwe na za vitambaa. Alisikiliza ameshika kiti mkononi. Njia nzima nilikuwa nimewaza namna ya kumuuliza. Nilijua nikiuliza habari za kaka atanirudishia hadithi ile ile, maana ameshaizoea. Lakini nilimjua mtu huyu tangu utoto wangu, na sijawahi kumsikia akimsema mtu vibaya.

"Kaka," nikamwambia, "sikuulizi wewe ulisema nini. Nakuuliza habari za mwenzako. Siku ile alipokuja kwetu, alitudanganya?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu. Aliweka kiti chini, akakikalia.

"Hapana, dada," alisema. "Yule hakudanganya."

Njia yote nilikuwa najua, na bado sikuwa tayari kusikia.

"Nilipofika mlangoni kwenu," akaendelea, "mama yako aliniuliza kabla sijavua viatu. Mwanangu yu hai? Nikamwangalia usoni. Nikasema yu hai. Nilidhani nitapata nafasi kesho yake nirekebishe, akishakaa vizuri. Kesho yake mwenzangu akafika, mkamfukuza kwa sababu yangu. Ningeanzia wapi? Tangu siku ile kwenye kwaya nafungua mdomo tu. Siimbi."

Nilimtaka aje nyumbani aseme mwenyewe, naye alikuja. Mama alimsikiliza, sindano na uzi mkononi. Hakumtukana. Alipomaliza, mama aliomba simu yake, akapiga ile namba. "Binti," alisema, "mwenye namba hiyo alikuwa mwanangu. Amefariki. Nisamehe kwa usumbufu niliokupa." Kwa mara ya kwanza tukamsikia yule msichana akilia.

Tulizika nguo za kaka, shati na suruali ya kanisani, kwenye jeneza dogo. Mwanakwaya alichimba kaburi pamoja na wanaume wengine, hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemsemesha.

Baada ya matanga baba alitaka niende naye Kisesa. Tulimkuta mwongo kando ya barabara, akiziba pancha za baiskeli. Alinyanyuka, mikono imejaa grisi. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Baba alibaki amesimama. "Nimekuja kukuomba radhi. Ulinipa kweli nikakufukuza nayo."

"Nimezoea kutoaminiwa, mwalimu. Lakini siku ile iliniuma."

Baba alitazama chini, akauliza jambo ambalo nadhani ndilo lililomtoa nyumbani. "Alisema chochote mwishoni?"

Yule mtu alifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. "Alisema nikuambie hakuogopa," akajibu.

Nilimtazama. Katika upepo ule, kati ya injini na mawimbi, nani angesikia sentensi nzima? Nilitaka kumuuliza alikuwa karibu kiasi gani, alimwona uso au kisogo. Baba aliniwekea mkono begani, mzito, nikanyamaza.

Tulirudi mjini tumekaa dirishani upande wa ziwa. Baba hakuangalia nje. Alikuwa akiyarudia maneno yale kwa sauti ya chini, polepole, kama mtu anayeyakariri ili akifika nyumbani amwambie mkewe bila kukosea.