Siku Tatu Nilizomwahidi Baba

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka. Waingereza walikuwa bado wanatutawala, nami nilikuwa kijana wa kwanza wa ukoo wetu, huku kwenye miteremko ya Mlima Meru, kupata nafasi ya kusoma London. Kichwa changu kilikuwa kimevimba kuliko sanduku nililofungasha.

Tulikuwa uani tukianika kahawa. Baba akaniuliza, "Huko unakokwenda, nikikuita utafika siku ya ngapi?"

"London hadi Nairobi kwa ndege ni siku moja na ushei, baba, pamoja na kutua njiani kujaza mafuta. Nairobi hadi hapa kwa basi, siku nyingine. Wewe hesabu siku tatu."

Baba mdogo akaangua kicheko. "Kumbe wewe ndiye utakayekuwa karibu! Eliapenda yuko Nduruma tu hapo chini, na mvua ikinyesha hatumwoni wiki nzima."

Eliapenda ni dada yangu, aliyekuwa ameolewa huko. Tulimcheka na yeye yupo. Baba hakucheka; alikuwa akihesabu vidole.

Mwaka wa pili ikanifikia telegramu: BABA HAJIWEZI NJOO. Mtihani wangu ulikuwa umebakiza siku nne. Nikachukua karatasi, nikajumlisha kama msomi: siku nne za kungoja, tatu za safari, ndani ya wiki nimefika. Mtu wa kwenda kwa miguu asingethubutu kukaa hata saa moja. Mimi nilikuwa na ndege.

Kwetu nyumbani, mzazi akiona anaondoka huwaita watoto wake wote, akampa kila mmoja neno lake mbele ya wenzake. Neno hilo hulishika hadi uzeeni. Eliapenda alipopata habari aliondoka palepale, mtoto mgongoni, mvua kichwani, akafika siku ileile na matope hadi magotini. Ndugu zangu wote wakawa wamekusanyika. Wakamsihi baba aseme.

"Nitasema mara moja tu," akajibu. "Yule wa siku tatu yuko wapi?"

"Yuko njiani, baba," dada akasema, na aliamini hivyo.

Siku ya tatu wakamwinua akae akitazama njia. Siku ya nne sauti ikakatika. Siku ya tano akafariki. Hakuna aliyepata neno, si mimi peke yangu.

Nilifika siku ya saba. Basi lilipopita Oldonyo Sambu, nimekaribia nyumbani, nilikuwa bado natunga namna ya kumweleza baba kuchelewa kwangu. Nikakuta kaburi kwenye migomba, udongo ungali mbichi. Eliapenda alinipokea sanduku, akanipa maji.

"Mtihani umeumaliza?"

"Nimeumaliza, dada."

"Haya. Pole na safari."

Majibu yalipotoka nilikuwa nimefaulu, tena vizuri sana. Cheti nimekitundika ukutani. Wageni hukisifu, nami huwaongezea chai.

Nasaha yangu ni fupi, mwanangu, na sikuisomea. Ukiitwa na mgonjwa, ondoka kwanza. Hesabu utazifanya njiani. Ndege za siku hizi zina kasi zaidi, na ndiyo maana nakuhofia. Anayekungoja kitandani hapimi maili wala saa, anapima pumzi zake, na hizo huna karatasi ya kuzijumlisha. Ukiwa umeshachelewa, usiwasomee ndugu zako ratiba. Kaa nao chini, nyamaza.

Mungu akujalie, kila utakapofika nyumbani, umkute wa kukuita kwa jina.