Ua la Mwambani Chumbani kwa Bibi

Babu alipofariki, yeye alikwenda kaburini na bibi akaenda ukutani. Sisemi uongo. Alikaa mkekani, kavaa nyeupe, akautazama ukuta wa chumba chake kutwa, kana kwamba chokaa ile ilikuwa inamsimulia kitu na sisi wengine tunampigia kelele.

Alikuwa edani, hatoki nje mpaka miezi yake iishe. Hilo halikutushangaza, ndiyo desturi. Kilichotutisha ni sahani. Ilikuwa ikienda na wali na kurudi na wali uleule. "Huyu anamfuata mwenzake," mama aliniambia jikoni, akiipangusa sahani ambayo haikuwa na haja ya kupanguswa.

Mimi nilikuwa na msiba wangu wa pembeni. Tangu nikiwa mdogo bibi aliniita mume wake, akinilalamikia kwa majirani kuwa simnunulii hata kanga, nami nikimtisha kuwa nitaoa mwingine mwenye meno. Sasa shangazi, dada yake baba, alinikataza utani huo. Mjane haitwi mke wa mtu, hata kwa mzaha. Basi nikawa nimeachwa bila talaka.

Bibi alikuwa mtu wa pwani. Maji yakipwa alikwenda na wanawake wenzake kutanda, kuchota dagaa kwa nguo, na akirudi alinuka mwani hadi kwenye nywele. Nikawaza: kama yeye haruhusiwi kwenda baharini, bahari haijafiwa na mtu. Ije yenyewe.

Mwenye mkahawa kule Dunda alikuwa na kabati la kioo la kuwekea maandazi, limeachia pembeni. Nililiomba, nikampelekea fundi wa kuziba mashua. Akaniuliza litabeba nini. Nikamwambia, "Bahari." Akanitazama, akacheka, akasindilia pamba na kuongeza lami. Hata hivyo lilivuja kidogo, kama pua ya mtoto.

Ndani nilitaka kuweka lile ua la mwambani. Naliita ua kwa kuwa limekaa kama ua, lakini ni mnyama: ana mdomo katikati na vidole laini visivyohesabika, vinavyonata ukivigusa. Kulifuga ni kazi ya kichaa. La kwanza lilikufa kwa kiza, nilipoweka kabati mbali na dirisha. La pili lilikufa kwa joto, nilipoliweka dirishani kabisa. Na likifa linaoza, likioza watu wanahama. Shangazi alitaka kunihamisha mimi.

La tatu nililileta na jiwe lake, maana ukilibandua linachanika, na pamoja na samaki wake, kijisamaki cha rangi ya chungwa chenye mikanda myeupe, ambacho hulala humohumo katikati ya vidole na wala hakidhuriki.

Shangazi akasimama mlangoni. "Na huyo samaki ni dume?"

"Sijui, shangazi. Mwinue umwangalie."

"Mjane hakai chumba kimoja na mwanamume asiye maharimu wake."

"Basi tumvalishe buibui."

Nilipigwa kofi la kisogoni, lakini nilisikia kitu kingine: bibi alipumua kwa pua, namna ile anayopumua anapozuia kicheko.

Asubuhi jua liliingia kabatini, na maji yakatupa mwanga juu ya ukuta. Ukuta uleule. Ukawa unatikisika, una mawimbi, na kivuli cha yule mnyama kikafunguka juu ya chokaa taratibu, kikubwa kama mwavuli, vidole vikicheza bila upepo. Bibi hakugeuka; alitazama alipokuwa akitazama siku zote, ila sasa palikuwa na bahari. Nikakaa karibu naye. Sijui tulikaa muda gani. Nilihisi chumba kizima kimeng'oa nanga, mkeka, kitanda, na vikombe, na sisi tunapelekwa polepole mahali ambapo hakuna aliyekufa.

Baada ya hapo alichukua kata, akawa anachota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa. Akalilisha ua uduvi, mmoja mmoja. Siku alipolilisha, yeye pia alikula matonge mawili matatu.

Jumamosi moja nilichota maji mapya baharini, nikaacha debe uani, nikakimbilia shamba la shule. Shangazi, ambaye alikuwa ameanza kumpenda yule asiye maharimu, aliona debe lina kutu. Akaona haya kumpa mgeni wa mjane maji ya bati. Akayahamishia kwenye mtungi mzuri, ule ambao mama alikuwa ameufukiza ubani kwa ajili ya maji ya wageni wa hitima. Bibi akachota humo kwa kata, akamwaga.

Niliporudi chumba kilinukia ubani, vizuri sana. Ua lilikuwa limejikunja kama soksi iliyotupwa, linatoa ute, na samaki anahema juu ya maji. Bibi alikuwa ameweka kata chini. Alikuwa amerudi ukutani, na ukuta haukuwa na kitu.

Alfajiri ndipo aliposema. "Lirudishe."

"Nikilirudisha utatazama nini?"

"Nitakutazama wewe, na Mungu anipe subira."

Nililipeleka kwa beseni, upande wa kwenda Kaole, maji yalipopwa. Nikaliweka jiwe dimbwini, samaki akajificha chini yake, nikakaa ndani ya maji nikisubiri vidole vitoke. Mwani ulinipapasa miguu. Anga ilikuwa majini na mimi nilikuwa ndani ya anga. Vidole havikutoka. Maji yakaanza kujaa, yakanifika kifuani, nikaondoka.

"Lilifunguka?" bibi aliuliza kabla sijavua viatu.

Uongo mzuri ulikuwa tayari mdomoni. Nikamwangalia, nikaumeza. "Sijui, bibi. Maji yalinifukuza."

"Uliliweka wapi?"

"Kwenye dimbwi, baada ya mikoko."

"Dimbwi lipi? Yako matatu, na moja linakauka!" Akajisogeza, akachora pwani yote kwa kidole juu ya mkeka, mkondo hapa, mwamba pale, mkono wa pili ukichota wali bila yeye kuutazama. "Kama ni hili, jua litalichoma. Kesho ulisogeze huku."

"Kesho maji yanapwa saa tano, bibi. Saa tano nina hesabu."

"Basi utatoroka."

Mama, ambaye kwa utoro alikuwa na fimbo maalumu, alikuwa amesimama mlangoni. Aliitazama sahani. Akarudi jikoni kuongeza wali.