Darasa Lililomngoja Mwalimu Yona

Siku yangu ya kwanza kazini, Manyoni, Mratibu wa Masomo ya Posta alinikabidhi mkasi na kitita cha uzi wa katani. Kazi yangu ilikuwa kufunga vifurushi vya masomo yaliyochapwa na kuvifikisha stesheni, viende Kintinku, Itigi na kwingineko kwa treni. "Mwanafunzi hutamwona," aliniambia, "lakini kifurushi kikifika kimelowa, yeye atakuona wewe."

Nilifunga vifurushi kwa miaka mingi. Kisha soko huria likaleta kampuni za simu, minara ikasimama vilimani, na chuo chetu kikaamua kuhamishia masomo kwenye mtandao. Nikapelekwa Singida mjini, chini ya Mkuu wa Kituo, nikiwa na cheo kipya: Mwelekezi wa Wanafunzi.

Mwelekezi humpokea mwanafunzi kabla ya somo la kwanza. Humpa jina la kuingilia na nywila, yaani neno la siri, ambalo sisi sote tuliliita paswedi. Humwonyesha pa kusomea, pa kuwasilisha kazi, na mwisho jukwaa la majadiliano, yaani ukurasa ambao wanafunzi huandikiana, kila mmoja akiwa kwake. Asiyeandika ujumbe hata mmoja jukwaani hadi saa kumi jioni ya Ijumaa ya wiki ya pili alifutwa. Mtambo wenyewe ndio uliohesabu. Hapakuwa na mtu wa kumbembeleza. Na semina ya kutuandaa ilituonya: mwelekezi haandiki jukwaani, jukwaa ni la wanafunzi.

Kundi langu la kwanza lilikuwa walimu ishirini na wanne wa shule za msingi waliotafuta stashahada. Walitoka mjini, Mtinko, Misigiri na vijiji vya kati. Kompyuta zilikuwa saba. Niliwafundisha siku tatu, nikaweka alama ya vema mbele ya kila jina, nikajiona nimemaliza.

Jumatano ya wiki ya pili Mkurugenzi wa Mafunzo alipiga simu kutoka makao makuu.

"Kituo chako kina wanafunzi hewa?"

"Hapana, mkurugenzi. Wapo. Nawaona kwa macho."

"Mimi naona ukurasa mweupe. Majina ishirini na manne, ujumbe hata mmoja hakuna. Ijumaa nawafuta, na wewe utaandika maelezo."

Nilifungua jukwaa. Mtambo ulionyesha kwamba wote walikuwa wakiingia kila walipopata kompyuta, wakitazama ukurasa mtupu na kutoka. Sikuelewa. Nilimwita Mwalimu Zainabu, binti wa familia ya wafanyabiashara wa hapo mjini, mwepesi kuliko wote kwenye kompyuta. Alifungua daftari lake. Ujumbe ulikuwa umeandikwa tayari, kwa mwandiko mzuri, tangu wiki ya kwanza.

"Sasa mbona hujautuma?"

"Nitume vipi, na Mwalimu Yona hajasema kitu? Mimi ni nani nitangulie? Hata wenzangu wameandika madaftarini, wanamsubiri yeye."

Mwalimu Yona alikuwa mkubwa wao kwa umri, mwalimu mkuu wa shule moja ya Misigiri. Kati ya wenzake ishirini na watatu, wanne aliwafundisha kusoma akiwa kijana, na mmoja, Mwalimu Rehema, alifundisha chini yake. Alikuwa ameambiwa kwamba bila stashahada angeachia ukuu wa shule.

Alhamisi nilipanda basi la asubuhi hadi Misigiri. Nilimkuta darasani, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia na kunipa kiti. Nilidhani ataniambia hajui kubofya. Wapi!

"Mimi nangoja, mwanangu," alisema.

"Unangoja nani, mwalimu?"

"Nakungoja wewe. Wewe ndiye mwenyeji. Mgeni anafungua kikao? Ulituonyesha mlango, hukutukaribisha ndani. Nikasema, labda ana udhuru."

Wao walimngoja yeye, yeye aliningoja mimi, na mimi nilikatazwa kuandika. Siku tatu nzima nilifundisha vitufe, wala sikujiuliza nani atasema karibuni.

Niliwaita, na Ijumaa wote walifika kituoni. Nilivunja amri ya semina, nikaandika jukwaani: "Shikamoo Mwalimu Yona. Karibuni nyote. Tunaomba utufungulie." Akakaa kwenye kompyuta ya kwanza, akaandika kwa kidole kimoja. Kompyuta sita zilikuwa tupu, hakuna aliyezigusa. Alisalimia vijiji, akawaombea wagonjwa, akataja kila shule. Saa nane na nusu alibofya kutuma. Ukurasa ukajibu kwamba amekaa mno bila kutuma, aingie upya. Maneno yote yalikuwa yamepotea.

Mzee alisimama polepole, akawageukia.

"Nimeshafungua. Nimefungua kwa mdomo. Andikeni."

"Mwalimu, anza wewe tena," Rehema alisema.

"Rehema, tangu lini unanipangia? Kaa hapo. Mtandao wenyewe unatambaa kama kobe."

Akaenda mwisho wa foleni. Waliandika saba saba, mtandao ukikata na kurudi, hadi ikabaki dakika sita. Alipokaa tena, nilimwinamia.

"Mwalimu, niruhusu niandike mimi kwa jina lako. Mstari mmoja tu."

"Huyo ndiye mwanafunzi hewa mwenyewe," alisema, na kidole chake kikaendelea kutafuta herufi. Saa kumi ukurasa ulifungwa mbele yake. Alikuwa amefika "Ndugu walimu wenz".

Nilimpigia Mkurugenzi, nikaeleza yote. "Mtambo haujui mzee," alinijibu. Niliporudi kumwambia Mwalimu Yona, aliuliza jambo moja.

"Wamebaki wangapi?"

"Ishirini na watatu."

"Basi darasa limebaki."

Tangu muhula uliofuata, hadi nilipostaafu, kila kundi nililifungulia mimi mwenyewe kwa salamu, na niliandikiwa onyo mara mbili kwa sababu hiyo. Vijana mnaoifanya kazi hii leo mna mitambo isiyokata, lakini niulizeni mimi gharama ya kumfundisha mtu mlango bila kumkaribisha.

Rehema alipata stashahada, akapewa ukuu wa shule ileile. Niliwatembelea mara moja. Mwalimu Yona alikuwa akifundisha darasa la kwanza, suruali imejaa chaki. Kengele ilipolia, walimu wote walisimama nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu bila kuingia, naye Rehema akasimama pamoja nao mlangoni pa ofisi yake mwenyewe, hadi mzee alipofika akatangulia.