Sufuria ya Mama Juu ya Barafu

Huku ughaibuni kwenye baridi, tulipohama mtaa wa Flemingdon Park kwenda mji wa Pickering, nyumba tuliyopanga ilikuwa na kidimbwi uani, chenye samaki saba wekundu. Mwenye nyumba alitupa agizo moja tu: maji yakipoa, tusiwalishe kitu mpaka baridi iishe. Baridi huwalaza matumbo. Chakula hakisagiki, na kinachobaki kinaoza majini.

Nilimweleza mama. Kule kwetu milimani Uvira alikuwa amefuga samaki miaka mingi, kwa pumba, majani ya muhogo na makombo ya ugali. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa asimnyonyeshe mtoto, kisha akaitikia. Kumbe kila nikienda kazini, anatoka na bakuli lake la ugali kuwalisha.

Mwezi wa kumi na mbili maji yakaanza kunuka. Asubuhi moja nilikuta samaki mmoja ameelea kiubavu, na tonge la ugali limevimba kando yake. Mimi nina hasira za karibu, sijifichi.

"Mama, ni wewe unawaua," nikamwambia.

Aliweka bakuli chini. "Siku ile ya kukimbia vita kwetu niliacha bwawa limejaa samaki," akasema. "Sikuwatupia hata konzi moja ya pumba. Kila nikila hapa, wale wananirudia."

Miaka yote tulikuwa tumeomboleza nyumba, mbuzi, majirani. Samaki hakuwahi kuwataja. Niliona aibu, nikakosa pa kuweka macho.

Tuliuopoa ugali wote kwa chujio la chai nililolifunga kwenye mpini wa ufagio. Barafu ilipofunika kidimbwi, nilimwonya asiigonge, mshindo huwaumiza samaki. Basi kila asubuhi akawa anaweka juu yake sufuria ya maji ya moto, mpaka itoboke tundu la kupitisha hewa. Alisimama pale na koti langu, kitenge amekifunga juu ya koti, akichungulia. Nazitamani sana asubuhi zile.

Baridi ilipokwisha, walipanda juu sita. Aliwahesabu mara mbili. Nilimpa kopo la chakula, naye akawatupia punje chache tu.

"Miezi yote hii bila kula," akasema. "Basi labda na wale wa kwetu hawakufa na njaa."

Maji ya kwetu hayapoi, na samaki wake huona njaa kila siku. Nililijua hilo, na siku zote mdomo wangu ni mwepesi.

"Labda, mama," nikasema.